BMW X3 (F25) iliyotumika: uzi wa kujua unachonunua kabla hujatoa hela

Gia_Nane

Wakuu, salaam.

Kila mara humu mtu anaingia kuuliza "X3 ya 2012 ni gari nzuri?" halafu anajibiwa "andaa mfuko" na emoji za kucheka. Jibu hilo halimsaidii mtu. F25 (jina la kiwandani la X3 ya kizazi cha pili) siyo gari moja. Ni bodi moja yenye injini kadhaa tofauti, kuna zinazovumilika na kuna za kukufilisi kabla kadi haijabadilishwa jina. Uzi huu uwe wa vitu vinavyoshikika: injini ipi, mwaka upi, kinachokufa ni nini na dawa yake ni ipi. Habari za "shemeji yangu alikuwa nayo" tuziweke pembeni.

F25 ilitoka kuanzia 2010 hadi 2017, ikabadilishwa sura 2014. Zinazotufikia kwa wingi ni hizi:

20i: injini N20, silinda nne, turbo, cc 1,997, nguvu farasi 184. Kwenye karatasi za Japani utaona msimbo WX20.

28i: hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Za mwanzo zina N52, silinda sita, cc 2,996, haina turbo. Za baadaye zina N20 ile ile ya lita mbili, ila imepandishwa hadi farasi 245. Beji ya nyuma ni ile ile, haikuambii kitu.

35i: N55, silinda sita na turbo, cc 2,979, farasi 306.

20d: dizeli. Hadi 2014 ni N47 (farasi 184), baada ya kubadilishwa sura ni B47 (farasi 190). Msimbo wa Japani ni WY20.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "imetembea kilomita ngapi". Omba namba ya chesisi. Chukua herufi na tarakimu saba za mwisho, ziingize kwenye tovuti yoyote ya kusoma chesisi za BMW, utapata injini, mwezi na mwaka iliyotoka kiwandani, na vikorokoro vyote ilivyofungwa. Muuzaji anayeficha chesisi achana naye.

Upande wa ushuru kwa Tanzania: injini ya cc 1,001 hadi 2,000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, ikizidi cc 2,000 ni asilimia 10. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari ya miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 ikizidi miaka 10. Maana yake F25 nyingi sasa hivi zimeangukia kwenye asilimia 30, na bei uliyoiona Japani haikwambii chochote. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia mtu hata senti.

Karibuni. Aanze mtu wa N20 maana ndiyo iliyojaa barabarani.

---

Sampu_Kavu

N20 basi.

Ugonjwa wake mkubwa ni cheni ya taimingi. Cheni yenyewe ni imara, kinachokufa ni miongozo ya plastiki ambamo cheni inateleza. Joto la oili likichanganyika na oili iliyokaa muda mrefu, plastiki inageuka kahawia, inakauka, inapasuka vipande. Vipande vinadondoka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la mdomo wa pampu ya oili. Hapo una mawili: ama cheni inaruka meno na valvu zinagonga pistoni, ama oili haipandi na bearing za kreni (krenkshafti) zinaungua. Yote mawili mwisho wake ni kutafuta injini nyingine.

Zinazotajwa zaidi ni zilizotengenezwa kabla ya mwanzoni mwa 2015. Baada ya hapo miongozo iliboreshwa. Ndiyo maana Gia_Nane anasisitiza mwezi wa kutengenezwa. Gari inayouzwa kama "2015" inaweza kuwa imetoka kiwandani 2014 ikasajiliwa 2015, na hizo ni gari mbili tofauti kabisa.

Kuna cheni ya pili ambayo mafundi wengi wanaisahau, ile ndogo inayozungusha pampu ya oili. Hiyo ndiyo inayotoa mluzi mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini. Ukikanyaga taratibu ikiwa imesimama, ukasikia "wiiii" inayofuata mguu wako, usijidanganye kuwa ni turbo. Turbo haipigi mluzi ikiwa haina mzigo.

Kazi ikifanywa ipasavyo inahusu: cheni ya taimingi na miongozo yake yote, tensheni (kikaza cheni), cheni ya pampu ya oili, boliti mpya ya kreni, boliti mpya za VANOS (mfumo wa BMW wa kurekebisha muda wa valvu), gasketi ya kava la valvu, gasketi ya sampu. Gia ya kreni kwenye injini hii haina kipini cha kuishikilia, inakaa kwa kubanwa na boliti ya katikati peke yake. Fundi akilegeza boliti hiyo bila kufunga kreni na kamshafti kwa vifaa vyake maalumu, taimingi imeshapotea na hatajua. Muulize kabla: "Una seti ya vifaa vya kufungia taimingi ya N20?" Akikujibu atapiga alama kwa rangi, mshukuru, mpe hela ya soda, uondoke.

Na tofauti na BMW za kuendesha tairi za nyuma, hii ni xDrive, yaani inaendesha tairi zote nne: difu ya mbele imefungwa kwenye sampu yenyewe na ekseli inapita humo. Kushusha sampu ni kushusha subframe ya mbele. Kazi ni kubwa, ndiyo maana wengine wanabadilisha miongozo ya juu tu na kufunga. Ukiambiwa "cheni ilishabadilishwa", uliza kama sampu ilishushwa. Kama haikushushwa, vipande vya zamani bado vimelala chini.

---

MpwaWaIlala

Mkuu Sampu_Kavu, tuseme niko yadi, muuzaji haniruhusu kufungua chochote. Naijuaje?

---

Sampu_Kavu

Huwezi kuwa na uhakika wa asilimia mia bila kushusha sampu, lakini unaweza kuchuja.

1. Iwashwe ikiwa imepoa kabisa, imelala usiku mzima. Simama mbele, boneti wazi. Mkwaruzo au mtikisiko wa chuma wa sekunde moja mbili kisha ukatulia ni tensheni iliyochelewa kupata oili. Ukiendelea zaidi ya hapo, funga boneti.

2. Mluzi niliousema, sikiliza kati ya mizunguko 1,500 na 2,500.

3. Unganisha mashine ya daignosi, angalia misimbo ya hitilafu ya kamshafti na kreni kutolingana, hata zile zilizohifadhiwa. Kama kumbukumbu yote imefutwa asubuhi ile ile, hilo nalo ni jibu.

4. Fungua kofia ya chujio la oili, ile iliyo juu. Hili haliharibu kitu, muuzaji akikataa jiulize kwa nini. Vuta chujio, kunjua mikunjo yake juani. Vipunje vya kahawia vinavyokatika ukivibana kwa kucha ni plastiki ya miongozo. Vinavyometameta ni bearing, na hapo hakuna mjadala. Ukirudisha, weka oringi mpya na kaza kofia 25 Nm, isizidi.

Kumbuka pia N20 haina kijiti cha kupimia oili. Kipimo kiko kwenye iDrive (skrini ya gari) na kinataka injini iwe ya moto na gari isimame tambarare. Ikikuandikia iko chini ya kiwango siku ya kwanza kuiona, inakula au inavuja.

---

BintiMombasa

Habari wadau. Kwa upande wa Kenya: sheria ya miaka minane imeshaifungia F25 mlango. Mwaka 2025 tayari gari ya kuingizwa ilitakiwa iwe imesajiliwa mara ya kwanza 2018 au baada ya hapo, na F25 iliisha 2017. Zinazouzwa Nairobi na Mombasa ni zilizokwisha ingia, zina mmiliki wa pili au wa tatu na zimekula mashimo yetu. Usiangalie lojibuku peke yake, omba risiti za oili.

Mimi naongelea transfa kesi, boksi linalogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, kwa sababu ndiyo inayouliwa na watu wenyewe kwa mikono yao.

xDrive ina klachi ya sahani ndani ya transfa kesi. Kompyuta inaibana na kuiachia kupitia mota ndogo ya umeme, kulingana na tofauti ya mzunguko kati ya tairi za mbele na za nyuma. Ukifunga tairi mbili mpya nyuma na mbele zimeisha, mfumo unaona nyuma na mbele hazilingani muda wote, hata barabara iliyonyooka. Klachi inateleza bila kupumzika, oili yake inaungua, sahani zinakwisha.

Hesabu ndogo. Saizi za kiwandani ni 225/60R17, 245/50R18, na kwa toleo la M Sport 245/45R19 mbele na 275/40R19 nyuma. Zipige hesabu ya kipenyo: 701.8 mm, 702.2 mm, 703.1 mm na 702.6 mm. Unaona walivyozilinganisha? Sasa mtu anaenda kufungiwa 235/65R17 mbili nyuma "ili gari inyanyuke kidogo". Kipenyo chake ni 737 mm. Tofauti ni asilimia 5, na klachi inaimeza kila mita unayotembea.

Kanuni: tairi nne za kampuni moja, muundo mmoja, na kina cha meno kisitofautiane zaidi ya mm 2. Tairi moja ikipasuka na zingine zina nusu, tafuta iliyotumika yenye kina kile kile, au nunua nne.

Kuipima: eneo la wazi, lami kavu, kata usukani hadi mwisho, tembea pole pole kwa duara. Ikisita na kuruka kama inajivuta, klachi inang'ang'ania. Halafu nenda barabarani, kati ya km 30 na 60 kwa saa, kanyaga kidogo sana, kama unapanda kilima kidogo. Ukihisi mtetemo wa haraka kwenye sakafu kama umepita juu ya matuta madogo ya rangi, ni transfa kesi.

Dawa ya kwanza ni oili. Haifiki hata lita moja, na lazima iwe ya transfa kesi ya BMW, aina ya TF 0870 au inayolingana nayo. Siyo ATF ya gia boksi, hata muuza duka akuapie. Baada ya kumwaga na kujaza, mekanika lazima aingie kwenye kompyuta kuweka upya mahesabu ya klachi. Ukiruka hatua hiyo, mota itaendelea kubana kama bado kuna oili ya zamani. Mara nyingi mtetemo unaisha hapo. Usipoisha, jiandae kwa mota au kesi nzima.

Na ikiharibika njiani, ibebwe juu ya gari la kubeba, tairi zote nne zikiwa hewani. Kuivuta tairi mbili zikizunguka chini ni kuimalizia.

---

Kaptula

Hapo kwenye transfa sawa. Ila naona mnaelekea kusema gia boksi nayo imwagwe. BMW wenyewe wameandika oili ya gia ni ya maisha. Watu wakishafungua ndiyo gia zinaanza kuruka. Iache.

---

Gia_Nane

Kaptula, "maisha" kwa mtengenezaji wa gari ni maisha ya waranti. Waliotengeneza gia boksi hiyo ni ZF, aina ni 8HP, na ZF wenyewe wanasema ibadilishwe kati ya km 80,000 na 120,000. Nani anaijua zaidi?

Hofu yako ina msingi wake, lakini tatizo liko kwenye namna inavyofanywa. Wengi wanaua 8HP kwa sababu hizi: wanatia ATF ya kawaida, hawapimi joto, na hawabadilishi sampu.

Utaratibu ni huu. Sampu ya gia ni ya plastiki na chujio liko ndani yake, haviachani, kwa hiyo unanunua sampu nzima, boliti na gasketi zake. Oili ni Lifeguard 8 ya ZF au ATF 3+ ya BMW, lita 7 zinatosha na chenji inabaki. Fungua boliti ya kujazia KABLA ya ile ya kumwagia. Ikigoma kufunguka, heri ugundue gia ikiwa bado ina oili. Boliti za sampu kaza 10 Nm kwa mkato wa msalaba, ni plastiki hiyo, ukiilazimisha inapinda na kuvuja.

Jaza hadi imwagike tundu la kujazia, washa injini, kanyaga breki, pitisha gia zote P, R, N, D ukikaa sekunde kadhaa kila moja. Endelea kujaza injini ikiwaka hadi itiririke tena. Kipimo cha mwisho kinachukuliwa oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50 za joto, unasoma kwenye mashine. Ikizidi 50 umeshachelewa, oili imetanuka na utafunga ikiwa pungufu. Zima, iache ipoe, anza upya. Gari iwe imekaa tambarare, siyo jeki upande mmoja.

Ukweli mwingine: gia ambayo tayari inateleza na kugonga, oili mpya haiiponyi. Ndiyo hizo unazosema "zilianza kuruka baada ya kufunguliwa". Zilishaanza kabla, mwenye gari alipeleka kwa matumaini.

---

Kaptula

Nimeipata ya joto. Mafundi wengi wanajaza hadi imwagike injini ikiwa imezimwa, wanafunga.

---

Makoroboi

Niwaletee dizeli, maana kwa safari za Mwanza kwenda Dar hakuna 20i itakayoifikia 20d kwa ulaji wa mafuta.

N47, yaani 20d ya kabla ya 2014, nayo ina ugonjwa wa cheni, na ni mbaya zaidi kimahali: cheni iko nyuma ya injini, upande wa gia boksi. Kuifikia ni kushusha gia boksi au kutoa injini. Dalili ni mkwaruzo wa chuma unaotokea nyuma karibu na dashibodi, unausikia vizuri ukiwa ndani kuliko ukiwa umesimama mbele. Watu wanapita wakisikiliza mbele ya boneti wanasema "safi". Kaa kwenye kiti, zima redio na feni, panda taratibu hadi 2,000. B47 bado ina cheni nyuma lakini malalamiko yake ni machache. Kama bajeti inaruhusu, chukua B47.

La pili ni kipozeo cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini). 2018 BMW waliitisha gari nyingi za dizeli kwa sababu hiyo, baada ya kuungua kwa magari Korea Kusini. Kipozeo kinapasuka ndani, kulanti inavuja na kuchanganyika na masizi, joto likipanda vinashika moto na kuyeyusha manifoldi ya plastiki. Gari inayopunguza kulanti bila tone chini ya gari, anzia hapo. Kwa namba ya chesisi wakala wa BMW anaweza kukuambia kama marekebisho yalishafanyika. Gari za mnada nyingi hakuna anayejisumbua kuuliza.

La tatu, DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi. Linajichoma lenyewe likishajaa, lakini linataka mwendo: zaidi ya km 60 kwa saa, dakika 20 hadi 30 bila kusimama, tanki lisiwe kwenye akiba. Mtu wa Mbagala hadi Posta na foleni kila siku hatalipatia nafasi hiyo. Linaanza kujichoma, anazima gari, dizeli iliyopulizwa inateremka kwenye sampu. Oili ya injini ikipanda kiwango badala ya kushuka, ujue hivyo. Usiendelee kuitembeza, mwaga.

Dawa ya mtaani ni kulitoboa na kufuta kwenye kompyuta. Siwashauri. Kama hutoki mjini, usinunue dizeli, basi.

Oili: N47 inachukua lita 5.2, iwe na idhini ya BMW ya LL-04 kwa sababu ya DPF. Petroli ya N20 inachukua lita 5 za LL-01. Idhini hiyo iwe imeandikwa mgongoni mwa galoni, yasiwe maneno ya "inafaa magari ya Ulaya".

---

MpwaWaIlala

Na ukomo wa sevisi? Gari yenyewe inaonyesha km 25,000.

---

Sampu_Kavu

Hiyo ya kwenye skrini isahau. Foleni ya Dar, joto na vumbi: km 7,000 hadi 8,000, au mwaka mmoja, kinachotangulia. Plagi za N20 kila km 60,000. Miongozo ya cheni haina rafiki mwingine zaidi ya oili mpya.

Niongeze upoozaji kwa sababu haujaguswa. Pampu ya maji ya petroli zote hapa ni ya umeme. Haina mkanda, hailii, haivuji kwanza. Inakufa ghafla na joto linapanda ukiwa kwenye foleni. Ikiwa gari imezidi km 100,000 na hakuna ushahidi wa kubadilishwa, ibadilishe pamoja na themostati yake kwa mara moja. Boliti za aluminiamu hazirudiwi.

Kutoa upepo ndiko wengi wanakosea, wanazoea kuacha mfuniko wazi na kupiga resi. Hapa fanya hivi: unganisha chaja ya betri, washa swichi bila kuwasha injini, hita weka joto la juu kabisa, feni ya chini kabisa, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho kwa sekunde 10 kisha achia. Utasikia pampu inaanza kuzunguka yenyewe. Inafanya kazi kama dakika 12. Ongeza kulanti hadi alama, rudia mara moja. Kulanti ni ya buluu ya BMW, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa. Maji ya bomba yanaacha chokaa ndani ya pampu.

Mengine ya N20 ni mavujo tu: gasketi ya nyumba ya chujio la oili, kava la valvu (la plastiki, linapasuka lenyewe), na pampu ya vakyumu. Hayaui injini mapema, ila oili ikidondokea mkanda, usisubiri.

---

Muscat_Mswahili

Assalaam alaykum. Naona watu wa nyumbani wanaagiza spea kutoka Sharjah na Oman. Angalizo: gari za Ghuba usukani uko kushoto. Injini, gia boksi, transfa kesi, difu, milango ya nyuma, rejeta: chukua, ilimradi msimbo wa injini ulingane. Dashibodi, stelingi raki, mtambo wa waipa na pedali: usiguse. Taa za mbele zinaingia vizuri kabisa kwenye matundu yake lakini zinamulika kulia, utampofusha kila anayekuja mbele yako usiku. Kwa vitu hivyo tafuta za Uingereza au Japani.

Injini ya N20 kutoka huku: omba video ya sampu ikiwa imefunguliwa kabla ya kupakiwa. Vinginevyo unabadilisha miongozo mibovu kwa miongozo mibovu.

---

MpwaWaIlala

Tairi za ranflati je? Yadi wanasema ni faida, huhitaji spea tairi.

---

BintiMombasa

Faida yake: ikitoboka unaendelea kama km 80 kwa mwendo usiozidi 80. Hasara: ukuta wake ni mgumu, kila shimo linaenda moja kwa moja kwenye rimu na bushi. Za inchi 19 kwa barabara zetu rimu zinapata nyufa upande wa ndani ambako huoni. Pitisha kidole na tochi ndani ya rimu zote nne kabla ya kulipa.

Wengi huku wanashuka hadi 17 au 18 na tairi za kawaida. Sawa, lakini buti haina nafasi ya spea iliyotengenezewa, kwa hiyo beba pampu ya umeme na vifaa vya kuziba tundu. Mwenye 35i apime kwanza kama rimu ya 17 inapita kwenye breki zake.

---

Gia_Nane

Betri pia: iko nyuma chini ya buti, ni AGM ya Ah 80 au 90. Ukibadilisha lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, vinginevyo inachajiwa kama ile kuukuu na inakufa mapema. Usiweke betri ya kawaida ya maji kwa sababu ya bei. Ukiwa hapo, inua zulia uguse chini. Unyevu maana yake maji yanaingia, mara nyingi mifereji ya paa la kioo (panorama) imeziba, na maji huko yanazikuta nyaya na vidude vya umeme.

Redio ya Japani inaishia masafa ya 90 au 95, na menyu ni Kijapani. Inabadilishwa kwa kompyuta na kebo ya mtandao, siyo lazima ununue skrini mpya. Ni kazi ya jioni moja kwa anayejua.

Kilomita: cheti cha kuuza nje kutoka Japani kinaonyesha usomaji wa mita kwenye ukaguzi uliopita. Linganisha na dashibodi na karatasi ya mnada. Gredi R au RA ni gari iliyogongwa ikarekebishwa.

---

MpwaWaIlala

Wakuu nimebakiza mbili. Ya kwanza 20i, chesisi inasema Novemba 2013, km 78,000, M Sport, safi sana, hakuna rekodi za sevisi. Ya pili 20i Agosti 2015, km 121,000, rimu za 17, kiti cha dereva kimechanika, kuna kitabu cha sevisi cha Kijapani kilichogongwa mihuri. Bei zinakaribiana. Moyo unataka ya kwanza.

---

Sampu_Kavu

Ya pili. Kiti kinashonwa. Ya kwanza iweke kwenye hesabu kama gari inayodai cheni zote mbili na kushusha sampu kabla hujaitumia, halafu ona kama bei bado zinakaribiana. Mpe muuzaji hesabu hiyo, akishusha kwa kiasi hicho basi mfikirie.

---

Gia_Nane

Naungana naye. Kwa ya pili, tenga mara moja: oili na chujio, oili ya gia na sampu yake, oili ya transfa kesi, pampu ya maji na themostati, plagi. Km 121,000 zote zimefikia zamu. Kitabu kile piga picha kurasa zote, tarehe na kilomita zimeandikwa kwa tarakimu za kawaida, utazisoma hata kama hujui Kijapani.

Unaenda lini kuikagua?

---

MpwaWaIlala

Jumamosi asubuhi. Niende na nini?

---

Sampu_Kavu

Tochi, kipimo cha kina cha meno ya tairi, oringi mpya ya kofia ya chujio la oili, spana ya torki, na mtu mwenye mashine inayosoma BMW, siyo ile ya kusoma misimbo ya kawaida tu. Ukifika gusa kava la injini kwanza. Ukilikuta la moto, waambie utarudi, na urudi Jumapili bila kuwapigia simu.